Saa Nne Asubuhi, Maji Yamekupwa: Kisa cha Kikundi cha Mwani Mashariki ya Unguja

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wanawake wakulima wa mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Nilikuwa mshauri wa biashara katika mradi uliokisaidia, na nilikifuatilia kwa karibu miaka minne. Nimeondoa jina la kijiji, la kikundi, la mradi, la hoteli na la mnunuzi, pamoja na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu. Mfuatano wa mambo haukuguswa. Ninawaandikia wenzangu wanaoandaa miradi ya kuinua uchumi wa maeneo: maofisa ugani, watu wa halmashauri, wa vyuo na wa asasi. Kosa kubwa tulilolifanya hapa nimeliona tena kwengine, kwenye mazao yasiyohusiana kabisa na bahari.

Hali ilivyokuwa kabla

Mwani wa biashara ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Aina zilizoenea ni mbili, spinosum na cottonii. Zote zinatoa karajinani, ute unaotumika kugandisha na kulainisha vitu chungu nzima, kuanzia aiskrimu na dawa ya meno hadi vipodozi. Mkulima anahitaji vigingi, kamba, na zile nyuzi fupi za kufungia mbegu ambazo pwani zinaitwa taitai. Baada ya wiki sita hivi anavuna na kuanika, na katika kila kilo saba au nane za mwani mbichi anabakiwa na kilo moja kavu.

Wanaume walikuwemo mwanzoni, kisha wengi wakaona haiwalipi, wakarudi kwenye uvuvi au wakaenda mahotelini. Kilimo kikabaki mikononi mwa wanawake. Zanzibar nzima kuna wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, na kama wanane katika kila kumi ni wanawake. Sijui zao jengine visiwani lililomtia mwanamke wa kijijini pesa mkononi mwake mwenyewe kwa kiasi hiki. Siku zangu za mwanzo kijijini, kina mama walinitembeza wakinionesha bati la paa, dirisha, kabati, sare za skuli, na kila mmoja alijua ni mavuno ya mwaka gani yaliyonunua nini.

Tatizo lilikuja na joto. Cottonii ndiyo yenye bei, takribani mara mbili ya spinosum, lakini ni dhaifu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji ya kina kifupi yalizidi kupata moto, na cottonii ikaanza kufa. Ncha zinageuka nyeupe kama zilizochovywa kwenye maji yanayochemka, tawi linalegea, linakatika, na mawimbi yanachukua kilichobaki. Wanawake wa kijiji hiki walijaribu misimu kadhaa, wakaacha. Wakabaki na spinosum, ambayo inastahamili lakini hailipi.

Soko nalo lilikuwa na utaratibu wake. Mnunuzi alitoa kamba na taitai bila malipo, na mkulima akawa hana budi kumuuzia yeye, kwa bei anayoitaja yeye. Mvua za masika zikianza, mwani mkavu hauwezi kukaa nje, na nyumbani hakuna pa kuuweka isipokuwa uvunguni mwa kitanda. Gari ya mnunuzi ikifika, unauza.

Hali hiyo ndiyo iliyowafanya wengi waanze kuzungumzia kuongeza thamani. Mwaka 2006 lilianzishwa kongano la mwani la Zanzibar, lililotokana na programu ya makongano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jina linalojulikana zaidi katika kazi hiyo ni la Dkt. Flower Msuya, wakati huo mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Wazo la kongano ni kwamba wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali wanaoshughulika na zao moja katika eneo moja wakae pamoja, kila mmoja alete alichonacho. Mradi ninaousimulia ulikuja baadaye na ulikuwa mdogo sana, lakini ulisimama juu ya fikra hiyohiyo.

Mwaka wa kwanza: sabuni

Kikundi kilikuwa na wanawake wasiofika thelathini, wengi wao wenye zaidi ya miaka arobaini. Mradi uliahidi mafunzo, mashine ya kusaga, kibanda cha kufanyia kazi, na kuwaunganisha na soko. Kwenye andiko la mradi vitu hivyo viliitwa ubunifu, teknolojia, miundombinu na mitandao. Sehemu ya mitandao niliiandika mimi.

Mafunzo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotegemea. Sabuni yenyewe haipikwi: ni mafuta ya nazi, kostiki soda, maji, unga wa mwani, na mafuta ya karafuu au ya mchaichai kwa harufu. Kazi kubwa iko kwenye unga. Mwani unaoshwa na kuloweshwa maji matamu mpaka utoe chumvi, unaanikwa tena mpaka ukiukunja unakatika kama kijiti, unatwangwa, unachekechwa. Kostiki inataka kipimo sahihi, na kina mama hawa, ambao wengi hawakumaliza skuli, waliishika mizani ya jikoni siku ya kwanza na hawakuharibu hata sufuria moja.

Mashine ilichelewa. Wakati wanaisubiri walipeleka mwani wao kwa mwenye kinu cha kijijini. Aliwasagia mara moja tu. Alipoona chumvi imeganda kwenye chuma aliwaita wakaone. "Mama zangu, mashine hii ndiyo inayosagia watu unga wa kula. Hii chumvi itaimaliza." Wakarudi kwenye kinu cha mti na mchi. Sikulipa jambo hilo uzito wakati ule.

Sabuni za kwanza zilinunuliwa na watalii waliopita ufukweni. Kipande kimoja kilipata bei iliyozidi ya kilo nzima ya spinosum kavu. Tuliliandika hilo kwenye ripoti, likasomwa kwenye vikao, na kila aliyelisikia aliona njia imepatikana. Ni kweli kwamba kipande kilizidi kilo. Namna tulivyoielewa kweli hiyo ndiyo iliyotupoteza, na nitairudia mbele.

Mwaka wa pili: oda ya hoteli

Niliwatafutia oda katika hoteli moja ya ukanda huohuo: vipande vidogo vya bafuni, boksi moja kila tarehe mosi ya mwezi. Kwangu hilo lilikuwa ndilo hasa la kuunganisha watu na soko. Miezi miwili ilikwenda bila tatizo.

Mwezi wa tatu gari ya hoteli ilifika kijijini saa nne asubuhi. Kibandani hakuna mtu, mlango una kufuli. Dereva alinipigia mimi mjini. Nami nikampigia katibu wa kikundi, na dereva akaisikia simu ya katibu ikiita ndani ya kibanda, nyuma ya mlango uliofungwa. Katibu alikuwa baharini, mbali kiasi cha kuonekana kama nukta, maji magotini, anafunga mbegu. Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga yake.

Dereva alishuka mpaka ufukweni. Bibi mmoja aliyekuwa akigeuza mwani kwenye mchanga alimwambia, "Mwanangu, leo bamvua. Rudi maji yakijaa." Maji yangejaa alasiri. Dereva hakuweza kungoja, akaondoka na gari tupu.

Kesho yake katibu alipeleka boksi mwenyewe kwa daladala. Sabuni zilizokauka hazikutosha, kwa hiyo aliongezea vipande vilivyomwagwa kwenye kalibu wiki mbili tu nyuma. Sabuni ya aina hii inataka kama wiki nne ili ikauke na kutulia. Zile zilikuwa bado mbichi. Bafuni ziligeuka uji, na lebo za karatasi zikabandikana na vigae. Hoteli ilisimamisha oda wiki hiyohiyo.

Neno bamvua nimelijua tangu utotoni. Kwenye mpango kazi wa mradi, wenye kurasa nyingi na majedwali, halikuwemo hata mara moja.

Bahari na saa za ofisi

Nikae hapa kidogo, maana kisa chote kinazunguka jambo hili.

Bamvua huja mara mbili katika mwezi mwandamo, karibu na mwezi kuandama na karibu na mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa mbali na kujaa sana. Katikati yake ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Shamba la mwani linafikika kwa miguu siku za bamvua, tano au sita hivi kila mara. Siku hizo zikikupita, kamba haifungwi, mbegu haibadilishwi na kilichokomaa hakitolewi mpaka bamvua jengine, wiki mbili mbele, na huku nyuma mwani unakatika na kwenda na maji.

Kuna na jambo la pili, ambalo mtu wa mjini hulisahau hata kama amezaliwa kisiwani. Kwetu Unguja maji ya bamvua hupwa kabisa kwenye saa zilezile kila mara: karibu saa nne au saa tano ya asubuhi, na tena usiku. Ni hivyo kila bamvua, mwaka mzima.

Saa nne asubuhi ndiyo saa anayotoka mjini anapofika kijijini. Ameondoka nyumbani saa moja, amepita ofisini, amesaini kitabu, amepata gari. Ndiyo saa ya mafunzo kuanza, ya mkaguzi, ya mgeni wa wafadhili, ya gari ya hoteli. Tulikuwa tumepanga mradi mzima juu ya saa ambazo siku kumi hadi kumi na mbili kila mwezi wanawake hawa hawapo nchi kavu.

Nilirudi kwenye daftari langu la ziara nikazilinganisha tarehe na mwandamo wa mwezi. Ziara ambazo pembeni yake niliandika "mahudhurio hafifu" zilikuwa karibu zote ni siku za bamvua. Katika mbili kati ya hizo niliongeza kwa mkono wangu: "wanahitaji kuhamasishwa zaidi." Nililisoma lile daftari nikiwa peke yangu, na niliona aibu.

Kalenda ya ofisini ilizidi kulificha tatizo. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, kwa hiyo bamvua linasogea ndani ya kalenda ya ukutani kama siku moja kila mwezi. Tarehe mosi inaweza kuwa salama mwezi huu na ujao, wa tatu ikaangukia bamvua. Kwa mtu wa nje inaonekana kama kikundi kilianza vizuri kisha kikalegea.

Maamuzi, na kwa nini

Tulikaa kikao siku ya maji mafu, baada ya alasiri, chini ya mkungu ulioko nyuma ya kibanda. Niliwaeleza niliyoyaona kwenye daftari. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mjini hatuna kalenda ya Kiislamu. Tunayo. Inaning'inia kwenye ofisi yangu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupanga kila kitu kwa mwezi mwandamo. Sabuni itengenezwe siku za maji mafu, wageni waje siku za maji mafu, na oda zitolewe tarehe 8 na tarehe 22 za mwezi mwandamo. Katibu alichora siku thelathini ukutani kwa mkaa, za bamvua akazitia mistari. Tulirudi hotelini pamoja, mimi na katibu, na safari hii yeye ndiye aliyezungumza. Meneja alikubali kujaribu tena kwa sharti moja: sabuni ya kila oda iwe imeshakauka mwezi mzima kabla. Sharti hilo liliwasaidia. Liliwalazimisha kuwa na akiba, na akiba iliondoa pupa iliyozaa zile sabuni mbichi.

Wa pili ulizua mabishano. Ilipendekezwa kila bamvua wabaki wawili nchi kavu, wenye ufunguo na simu. Lakini anayebaki anapoteza mavuno yake, na hakuna aliyekuwa tayari. Mjadala uliishia pale mama mmoja aliposema mwenye zamu afungiwe kamba zake na wenzake, kama wanavyofanya kwa aliyejifungua. Utaratibu walikuwa nao siku zote, kwa ajili ya uzazi na msiba. Waliuhamishia kwenye biashara.

Wa tatu niliupinga, nao walinishinda. Bajeti ilikuwa na fedha za mashine ya pili. Walizikataa, wakaomba chanja za kuanikia na ghala dogo la kuhifadhi mwani mkavu. Mashine ya kwanza, ilipofika, ilikuwa ikifanya kazi saa chache tu kwa wiki, na chumvi ilishaanza kuila kama mwenye kinu alivyosema. Halafu walikumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja ikakaa karibu miezi mitatu gizani. Hawakutaka kazi yao yote itegemee swichi. Mimi nilitetea mashine kwa sababu fedha zilikuwa za kuongeza thamani, na chanja ya miti na wavu haikuonekana kwangu kuwa ni ubunifu. Mwenyekiti alisema mashine ya pili itakuwa na kutu mwakani, ghala litakuwepo. Tukaandika barua ya kubadilisha matumizi ya fedha, ikakubaliwa.

Nyavu za kina kirefu

Uamuzi wa nne ulikuwa kujaribu kurudisha cottonii. Watafiti walishaonesha kwamba inaweza kuishi kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto halibadilikabadiliki sana, ikitiwa ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija, zenye maboya juu na nanga chini. Tulitia mirija michache kwenye mkondo wa maji ndani ya mwamba.

Cottonii ilikubali. Mavuno ya kwanza yalitoka manene na yenye rangi. Mama mmoja, ambaye hakuwa ameiona ikiwa hai kwa miaka, alibeba tawi moja mpaka nyumbani kwenda kumuonesha mumewe, halafu akalirudisha lianikwe na mengine.

Lakini mirija haifikiwi kwa miguu. Inahitaji chombo, na chombo kilikuwa cha kijana mmoja aliyetaka sehemu ya mavuno pamoja na mafuta ya injini. Wengi katika kikundi hawajui kuogelea, na kanga na baibui vikilowa vinamvuta mtu chini. Upepo wa kusi ukishika, siku nyingi chombo hakitoki. Katika mavuno ya tatu mmoja wao aliteleza akiinua mrija uliojaa, akatumbukia. Alitolewa mzima, lakini alikunywa maji mengi. Wakakaa wenyewe, wakaamua kusimama. Hatukuwashawishi wabadili, na naamini tulifanya sawa. Kwengine Unguja wapo wanawake waliofundishwa kuogelea na kuendesha vyombo, na kwao mirija inaendelea. Sisi tulinunua nyavu, maboya na nanga. Mafunzo ya kuogelea na chombo cha kikundi hatukuvitengea hata shilingi.

Matokeo

Hoteli ilirudi na haijaacha. Oda si kubwa, lakini inakuja kila mwezi na inalipwa. Wanaotengeneza sabuni sasa ni kundi dogo ndani ya kikundi. Waliomba alama ya ubora ya ZBS, yaani Taasisi ya Viwango Zanzibar, mwaka wa nne, nilipokuwa naondoka.

Ghala ndilo lililobadilisha mambo zaidi. Masika ya kwanza baada ya kujengwa, kwa mara ya kwanza hawakulazimika kuuza siku gari inapofika. Mwani ulikuwa mkavu na hauna mchanga, kwa sababu ya chanja. Mnunuzi wa siku zote alitaja bei ileile, wakamwambia watafikiri. Wiki tatu baadaye alikuja mnunuzi mwengine aliyesikia kuna mzigo safi uliolundikwa mahali pamoja, usiohitaji kuzungukiwa nyumba hadi nyumba. Yule wa mwanzo alirudi na bei iliyo juu kidogo, kisha wakauza. Nyongeza kwa kilo ilikuwa ndogo. Ila ililipwa kwa kila gunia la kila mwanachama, hata asiyewahi kushika kostiki.

Mirija imekunjwa ndani ya ghala. Mashine ipo, imefunikwa turubai.

Uchambuzi

Nianze na hesabu ya kipande na kilo. Unga unaoingia kwenye sabuni moja ni kijiko au viwili. Ukijumlisha sabuni zote za mwaka mzima, mwani uliotumika ni sehemu ndogo sana ya mavuno ya kikundi. Kilichobaki, yaani karibu chote, kiliendelea kuuzwa kikavu kwa mnunuzi. Tuliposema sabuni imeongeza thamani ya mwani hatukuwa sahihi. Sabuni ililipa kazi ya mikono: kukuna nazi, kuloweka, kutwanga, kupima, kukata, kufunga. Ukigawa mapato kwa saa, ni ujira wa kawaida tu.

Hata hivyo ujira huo ulimfikia mtu ambaye hatukumfikiria. Kundi dogo lililobaki na sabuni ni la wazee, wanawake ambao migongo na magoti hayawaruhusu tena kuinama majini kwa saa nne. Kabla ya hapo, anayeacha bahari aliacha na pesa yake. Bibi aliyemwambia dereva arudi maji yakijaa sasa ndiye mwangalizi wa kalibu za sabuni. Ningeuandika mradi upya leo, ningeanza na watu hao, na ningeacha kuwaahidi wengine kwamba sabuni itawatoa kwenye spinosum.

Kwenye miundombinu, fundisho langu ni kwamba tulichagua kwa macho ya mgeni. Mashine inapigwa picha, chanja haipigwi. Lakini tatizo la kiuchumi la kijiji hiki lilikuwa kukosa uwezo wa kungoja. Mkulima asiyeweza kungoja hana bei, hata akiwa na ujuzi wote wa dunia. Chanja na ghala viliwapa wiki tatu, na wiki tatu zilitosha kumleta mnunuzi wa pili. Walilijua hilo kabla sijafika. Hatukuwauliza kwa namna ambayo ingelitoa: tuliwauliza wanataka kutengeneza nini, hatukuwauliza nini kinawalazimisha kuuza.

Mitandao ilikuwa sehemu yangu, na ndiyo iliyokuwa na kasoro iliyofichika zaidi. Tazama tena ile asubuhi. Dereva hakumpigia katibu, alinipigia mimi, kwa sababu namba aliyokuwa nayo ni yangu. Hoteli, mfanyabiashara wa vifungashio, muuza kostiki, ofisi ya mradi, wote walipita kwangu. Kwenye mchoro wa mradi nilichora mistari mingi inayounganisha wadau, na ukiiangalia vizuri yote inapita kwenye nukta moja. Nikiugua, soko linaugua. Tulirekebisha kwa kuwapeleka wenyewe kila mahali mpaka majina na namba zikawa zao, na mjukuu wa katibu akawa ndiye anayejibu oda kwa WhatsApp.

Mtandao uliodumu bila sisi ulikuwa mwengine kabisa. Namna ya kujenga chanja zisizoangushwa na upepo walijifunza kijiji jirani, kwa shemeji wa mmoja wao. Utaratibu wa kumfungia mwenzako kamba ulitoka kwenye uzazi. Habari ya mzigo safi ilimfikia mnunuzi wa pili kupitia harusi. Haya hayakuwemo kwenye andiko, hayakugharimu kitu, na yanaendelea. Anayeandaa mradi wa eneo lolote angefanya vyema kuyatafuta haya kwanza, kisha ajenge juu yake.

Lipo jambo ambalo hatukuliweza. Ufukwe huo una wenyewe wengi siku hizi: mahoteli, wageni wanaoteleza juu ya maji kwa tiara, wavuvi, na wakulima wa mwani. Chanja zimeshahamishwa mara moja kupisha ujenzi, na kamba hukatwa na watu wasiojua wanapita juu ya shamba. Hakuna mpaka ulioandikwa unaosema hapa pana shamba la mtu. Ghala liko kwenye kiwanja chenye hati, mashamba hayana. Nimekaa vikao vingi kuhusu ubunifu wa zao hili, na katika hivyo ni vichache sana vilivyozungumza pa kulilima. Hilo linaniuma, kwa sababu juhudi zote nilizozieleza hapa zinasimama juu ya mchanga huo.

Kuhusu saa, badiliko ninalolifanya sasa kila ninakokwenda ni dogo. Kabla ya kuandika bajeti nakaa kijijini mwezi mwandamo mzima, ninaandika nani yuko wapi saa ngapi. Kwa wafugaji ni saa za kunywesha, kwa wakulima wa mpunga ni wiki za kuamia ndege. Hunichukua mwezi mmoja, na hupunguza mafunzo ya watu wasiokuwepo.

Tathmini ya mwisho ya mradi ofisi iliipanga saa nne asubuhi, siku iliyoangukia tarehe 15 ya mwezi mwandamo. Katibu aliona tarehe kwenye barua, akaenda kuitazama ukutani, kisha akaandikia ofisi mwenyewe akiomba isogezwe wiki moja, na akaeleza kwa nini. Ilisogezwa. Siku hiyo kibandani walikuwepo wote, na bahari ilikuwa imejaa mpaka karibu na chanja.